Kofia za Farasi Kashinje

Pale Segese ukiuliza nyumbani kwa Dorika ni wapi, nawe utaulizwa: "Dorika wa maandazi au Dorika wa kofia?" Usihangaike kuchagua. Ni mtu mmoja, na swali lenyewe ni la kupima tu umri wako katika mji huu. Waliowahi kusimama kwenye mashindano ya ngoma humwita wa kofia. Waliozaliwa juzi, baada ya mgodi mkubwa kuwasha taa zake upande ule, humjua kwa maandazi. Mwenyewe huitika kwa yote mawili, ila la maandazi huliitikia kwa kuguna.

Kofia alizirithi kwa baba yake, mzee Mageni, aliyehama Ushirombo kufuata malisho. Mageni alikuwa Mkatoliki wa kengele ya kwanza, mtu wa benchi la mbele, lakini mavuno yakiisha tu aliingiza rozari ndani ya shati akaenda ngomani. Kwa asiyezijua ngoma za Usukumani, habari ni hii. Vyama ni viwili, Wagika na Wagalu, na mtu huwa wa huku au wa kule kama watu wa mpira walivyo na timu zao. Kiangazi vyama hukutana uwanja mmoja, kila kimoja upande wake, vikapiga ngoma kwa wakati mmoja. Mwamuzi hakuna. Watazamaji ndio waamuzi: upande uliojaa watu ndio ulioshinda, na aliyecheza hadi jasho likamwisha huku watu wamempa mgongo, amecheza bure. Kwa hiyo kila chama hutafuta kitu cha kuvuta watu. Wapo wanaoleta nyoka, wapo wanaoleta fisi wa matambara, na wapo wanaotegemea dawa. Wagalu wa Segese walikuwa na kofia za Mageni.

Zilishonwa kwa gunia la katani, vipande vya vitenge, manyoya ya jogoo na vizibo vya soda vilivyopondwa vikawa bapa, na zilikuwa za kumfanya mtu asahau alikokuwa anakwenda. Dorika alishika mkasi kabla hajashika jembe. Somo kubwa alilopewa na baba yake lilikuwa fupi: "Usimuulize mtu kama kofia ni nzuri. Watu wetu wana adabu, hawatakuvunja moyo usoni. Wewe tazama miguu yao. Miguu haina adabu."

Basi akawa mtazamaji wa miguu, na akawa fundi. Baba yake alipofariki, Wagalu hawakutafuta fundi mwingine. Alijua kazi yake ni nzuri na hakuona sababu ya kuificha habari hiyo. Wanawake wenzake walimwambia ajishushe kidogo. Aliwajibu kwamba mwenye kujishusha na ajishushe, yeye kofia zake zinakaa juu.

Kisha akaolewa na Mgika. Hapo ndipo Segese ilipocheka wiki nzima. Telesphori alikuwa seremala, na alikuwa mpiga ngoma wa Wagika ambaye hakuwa na mwenzake kutoka hapo hadi Maganzo. Padri aliwafungisha ndoa bila kuuliza habari za ngoma, na heri hakuuliza, maana kizuizi kingepatikana. Mwaka mzima walikula sufuria moja. Msimu wa mashindano ukifika, mume alikwenda kulala kambini kwao na mke kambini kwao, na wakikutana njiani walisalimiana kama watu wanaodaiana maneno.

Sasa sikiliza kilichomuuma Dorika, maana kilimuuma kweli, ingawa mbele za watu alikitania. Kwa miaka yote hiyo Telesphori hakuvuka uwanja hata mara moja kuja kuangalia kofia ya mkewe. Watu wa upande wake walimkimbia, yeye akabaki palepale ndani ya koti lake la kijivu asilolivua kiangazi wala masika, kidevu juu, macho amefumba, anapiga. Alisema anafumba macho ili aisikilize ngozi. Dorika alijua anafumba ili asione kofia.

Halafu ngoma zikanyamaza zenyewe. Vijana waliokuwa wakicheza walikwenda Nyarugusu kuchimba, na Denis, mtoto wao wa kwanza, akawa wa mbele kushuka kwenye maduara, yale mashimo ya dhahabu. Msimu ukaja bila mashindano, na mwingine, na mwingine. Kofia zilining'inia darini hadi kuku akapata moja ya kutagia. Dorika akakaanga maandazi, akauza, akasali, akanyamaza. Kilichomkosesha raha kilikuwa kuona watu wakipita barabarani na hakuna hata mmoja anayesahau alikokuwa anakwenda.

Marcel alimkuta kwenye hali hiyo. Marcel ni mtoto wa palepale Segese, siku hizi yuko Mwanza, mchoraji kwenye nyumba ndogo inayochapisha vitabu vya watoto. Alikuja na karatasi zake chini ya kwapa.

"Shikamoo, Mama Denis."

"Marahaba, baba. Umekonda. Mwanza hawali?"

Marcel alicheka, akamtandikia karatasi kwenye mkeka. Palikuwa na farasi mwekundu wa kahawia mwenye shingo ndefu na macho ya mtu anayetaka kuuliza kitu. Jina lake Kashinje, jina tunalompa mtoto aliyezaliwa akitanguliza miguu, na katika kitabu alikuwa hivyo hivyo: anafika mahali kwanza, anafikiri baadaye. Ugonjwa wake ulikuwa kofia. Kila ukurasa anavaa mpya, na kila kofia inamtia matatani.

Dorika alizipitia moja moja. "Farasi yu hai," alisema. "Kofia zake zimekufa."

"Ndiyo maana nimekuja, mama."

Tuseme ukweli: Dorika hakuwahi kumwona farasi. Segese hakuna mtu anayefuga farasi. Aliyemjua ni yule wa kwenye kalenda ya parokia, aliyepandwa na mtakatifu mwenye mkuki, na nusu yake ilikuwa imefichwa na joka. Lakini hilo halikumtisha. Alichukua kazi siku hiyohiyo, na kabla jua halijazama alikuwa amewatangazia wanawake wa bombani, wauza nyanya na katekista kwamba kuna kitabu kinakuja, na farasi wa kitabu hicho atavaa kofia za Dorika.

Ya kwanza aliikosea, na aliikosea Kisukuma. Alimwangalia mnyama yule, mkubwa, mwenye kifua, akaona kichwa kitupu, akamhurumia. Mnyama wa kiasi kile hana pembe! Ni kama mwanamume aliyekwenda ukweni bila fimbo. Basi akamtengenezea kofia yenye pembe mbili ndefu zilizopinda, zimezungushiwa utepe mwekundu, manjano na buluu, na kengele ndogo kila ncha. Marcel akaichora kichwani mwa Kashinje, akaipaka rangi vizuri, wakaibandika picha ukutani kwenye mashine ya kusaga, Dorika akakaa pembeni kutazama miguu.

Miguu ilikuja. Ilikuja mingi mno. Watoto walimzunguka Kashinje wakiita, "Ng'ombe, ng'ombe," na mzee mmoja mfugaji alisimama na fimbo yake, akamtazama kwa heshima zote, akauliza ng'ombe huyu ni wa nani na ana ndama wangapi.

Dorika alicheka kuliko wote. Alipofika nyumbani hakucheka tena. Watu walikuwa wamekuja kwa ajili ya ng'ombe, na farasi alikuwa amepotea ndani ya kofia. Baba yake hakuwahi kumpa somo la namna hiyo, maana wachezaji wa Mageni walikuwa watu, na mtu hata ukimvika nini atabaki mtu.

Kesho yake alikwenda bombani, kwa Makoye anayebeba maji kwa punda. Aliketi na beseni lake la maandazi, akawatazama punda wale mpaka Makoye akaanza kuona haya kwa niaba yao. Punda si farasi, lakini ni ndugu, na ndugu hawakosi kufanana. Ndipo alipoyaona masikio. Punda akisikia gari, sikio moja linakwenda barabarani na jingine linabaki kwa Makoye. Akichoka yote yanalala. Akitaka ubishi yanarudi nyuma kabla teke halijatoka. Kumbe mnyama huyu anasema kwa masikio, na yeye alikuwa amemziba mdomo kwa pembe.

Tangu hapo alishona kuzunguka masikio. Kazi yake haianzi kwa kalamu. Huanza kwa kitambaa, kofia ndogo ya kuenea ngumi, ndipo Marcel aichore. Alihitaji kichwa cha kupimia. Telesphori alimchongea cha mti, bila kuombwa, akakiweka mezani.

"Kelele za mkasi zimenichosha," alisema. "Maliza upesi."

"Hutaki kuona kitakachovaliwa hapo?"

"Mimi nimechonga kichwa. Kofia ni mambo yenu Wagalu." Akatoka nje na koti lake.

Zikazaliwa kofia. Ya kihenge, ghala la nafaka, ilikuwa ya michirizi ya pinki na kijani, ina paa la nyasi na milango miwili, na masikio ya Kashinje yalichungulia milangoni kama wapangaji. Ya mvua aliigeuza mdomo juu, ikajaa maji na vyura wa zambarau wanaoimba. Sasa kila Kashinje akikutana na mkubwa hawezi kuinama kusema shikamoo, vyura watamwagika, na kijiji kizima kinamwona hana adabu. Ya mchimbaji ilikuwa na taa mbele, na Kashinje aliifukuza ile duara ya mwanga mbele yake porini akidhani ni dhahabu. Kuhusu hiyo Denis alicheka kwenye simu hadi akakohoa, akasema anawajua watu watatu wa namna hiyo hukohuko shimoni. Kofia ya mwisho Dorika hakumwonyesha mtu ila Marcel, na Marcel aliapishwa.

Ndipo ujumbe ulipokuja kutoka Mwanza. Apolonia, mwenye ile nyumba ya vitabu, alikuwa amempenda farasi na kuziogopa kofia. Rangi nyingi, alisema, na macho ya farasi hayaonekani. Alikuwa amemwagiza mchoraji mwingine wa hukohuko mjini, akapata kofia nadhifu, kila moja rangi yake moja. Angekuja Segese siku ya mnada, aangalie mwenyewe, aamue siku hiyo. Zikikataliwa, Kashinje angekwenda kiwanda cha uchapaji na kofia za mtu mwingine.

Dorika alisoma ujumbe ule kwenye simu ya Marcel, akamrudishia. Alikuwa ameshamtangazia mpaka katekista. Lakini lililomkaa rohoni halikuwa aibu ya wauza nyanya. Alikuwa ameonja tena kuwa Dorika wa kofia, na hakutaka kurudi kuguna.

Apolonia alifika asubuhi. Alikuwa mama mnene, mtulivu, mwenyeji wa Geita, na alisalimia kwa Kisukuma. "Mwangaluka," alisema, na Dorika akaona si mtu mbaya. Walikaa, chai ikaja, maandazi yakaja, kisha picha zikaja.

"Mama Denis, mimi sisemi kofia ni mbaya," alisema Apolonia. "Nasema mtoto akishika kitabu hutafuta macho ya mnyama kwanza. Hapa macho yako wapi?"

Dorika aliinama juu ya picha. Akachukua ile kofia ya kitambaa kwenye kichwa cha mti, akakata ukingo wa mbele kwa mkasi, akairudisha. "Hapo umesema kweli," alisema. Marcel alipaka upya palepale mezani, na Kashinje akaangaza macho.

"Sasa nitawauliza watoto waliopo hapa wanapenda zipi," alisema Apolonia.

"Usiulize, mama. Wewe ni mgeni. Watakusifia zote mbili na hata mkoba wako. Tubandike huku moja na kule moja, tunyamaze, utazame miguu."

Apolonia alimwangalia, akatabasamu, akakubali. Kwenye uwanja wa mnada, picha kubwa ya Kashinje mwenye kofia nadhifu ya buluu ilifungwa kwenye nguzo za upande wa mashine. Upande wa pili, penye wauza dagaa, Dorika alifunga yake, na alichagua ile ya mwisho, aliyoificha. Zote mbili zilifungwa zikiwa bado zimefunikwa kwa khanga, maana haki ni haki, zifunguliwe pamoja.

Kabla hawajafungua, mtu mmoja alitokea kwenye kichochoro cha maseremala. Koti la kijivu, ngoma begani. Alikwenda moja kwa moja upande wa kofia ya buluu, akaiweka ngoma chini, akaijaribu kwa vidole.

"Huyu ni nani?" Apolonia aliuliza.

"Mume wangu."

"Amekuja kukusaidia?"

"Mimi ni Mgalu, yeye ni Mgika," alisema Dorika. "Upande wangu hajawahi kusimama."

Khanga zikavutwa. Telesphori akainua kidevu, akafumba macho, akapiga.

Ee, alikuwa hajasahau. Miaka ya ukimya ilikuwa imekaa kwenye ile mikono ikingoja. Mnada wote uligeuka. Wauza mbuzi waliacha kamba, vijana wa pikipiki walizima injini, wanawake waliokuwa hawajakanyaga ngomani tangu wazae walianza kutikisa mabega. Wote walikwenda kule. Mbele ya picha ya Dorika alibaki Marcel na mbwa.

"Mama, tuimbe basi," alisema Marcel, jasho likimtoka. "Tupige hata sufuria."

"Chema chajiuza," alisema Dorika, akakunja mikono. Sauti yake ilikuwa imara.

Aliyepita kwanza alikuwa Rebeka, jirani yake, beseni la dagaa kichwani, akikimbilia ngoma. Alitupa jicho kwenye picha, akapita, akasimama. Akarudi nyuma hatua kwa hatua. Alitua beseni. Kisha akaanza kucheka, kicheko cha kutoka tumboni, akakaa chini palepale vumbini, akipiga paja na kuonyesha kwa kidole asiweze kusema.

Kicheko cha Rebeka kinajulikana Segese. Wawili waliondoka ngomani kuja kuona amepatwa na nini, na wao wakacheka. Wakaja watano. Wakaja watoto, wakawavuta mama zao. Hakuna aliyesema "ng'ombe". Walisema, "Kashinje, mtazame Kashinje," kisha walitazama upande wa pili wa uwanja, wakatazama tena picha, na kicheko kikaanza upya. Wauza mbuzi walikuja na mbuzi wao. Telesphori alikuwa akipiga kwa nguvu zaidi, macho amefumba, na watu wakimtoka pole pole kama maji kwenye ndoo yenye tundu.

Apolonia naye alikuwa katikati ya watu, andazi mkononi. Alikuwa ameanza upande wa mashine. Hakukumbuka amevuka saa ngapi. Aliitazama miguu yake, akamtazama Dorika.

"Kofia zako zote zinaingia kitabuni," alisema. "Na jina lako litakaa mbele, pamoja na la Marcel."

"Wabeja, mama," alijibu Dorika. Alishukuru na alifurahi, lakini macho yake hayakuwa kwa Apolonia.

Upande wa pili ngoma ilikuwa imesita. Mpigaji anajua uwanja mtupu kwa sauti, ngoma hujirudia. Telesphori alifumbua macho, akaona vumbi na nyayo. Kisha alivaa mkanda wa ngoma begani akaanza kuvuka. Watu walimpisha, na kadiri alivyokaribia, kicheko kilipungua hadi kikaisha kabisa, maana wazee waliokuwepo walijua kinachotokea, na watoto waliona nyuso za wazee.

Alifika mbele ya picha.

Kofia ilikuwa kubwa kama uwanja wa ngoma, na ilikuwa na kila rangi inayopatikana dukani na nyingine ambazo hazipatikani. Kuzunguka ukingo wake walicheza kuku, mbuzi, vyura na panzi, wote wamevaa vikofia. Katikati ya sherehe hiyo alikaa mtu mdogo mmoja, wa kijivu, kidevu juu, macho amefumba, anapiga ngoma bila kujua wote wanamchezea yeye. Na Kashinje, ambaye sikio lake moja lilikuwa limelala kwa uchovu wa siku, jingine alikuwa amelisimamisha na kulielekeza kwa yule mtu, likisikiliza.

Telesphori aliangalia kwa muda mrefu kuliko wote waliotangulia.

"Umeniweka upande wenu," alisema.

"Ningefanyaje? Kwa miguu yako hukuwahi kuja."

"Leo nimekuja."

"Nimekuona," alisema Dorika, na sauti ile imara ikamvunjikia mdomoni. Hakuificha. Alifuta macho kwa ncha ya kitenge mbele ya mnada mzima.

Telesphori aliisogelea picha zaidi. "Hilo koti," alisema, "ungelitia hata rangi kidogo."

"Lete koti lenyewe kwanza, nilitie."

Watu walicheka, na yeye akacheka, jino la pembeni lisilokuwepo likaonekana. Akawaomba wauza dagaa wamsogezee mabeseni apate mahali pa kusimama, palepale upande wa Wagalu, chini ya kofia. Aliiweka ngoma sawa, akamwangalia mkewe, akaanza kupiga, na safari hii hakufumba macho.